Tahadhari: "Seti kamili" ya kobe wa ndani, yenye kipimo cha unyevu kilichoganda

Wadau wa kobe, kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na kitu anachokiita "seti kamili ya kobe wa ndani, aina zote". Jina la duka hubadilika, lakini picha ni zile zile: tangi la kioo lenye wavu juu, taa nyekundu, kobe mdogo kajilaza juu ya jiwe la umeme, na ukutani kipimo cha duara ambacho mshale wake umetulia penye rangi ya kijani. Chini ameandika kwamba joto na unyevu vinajiendesha vyenyewe, kazi yako ni kulisha tu. Msinunue.

Seti iliyonifikia mimi nimeipima kitu kimoja kimoja. Naanza na hicho kipimo, maana ndicho kinachofanya mengine yote yaonekane sawa. Kilisoma asilimia 70 kikiwa bado ndani ya boksi. Kuwekwa tangini taa ikiwaka, 70. Juu ya kabati, 70. Nikachukua kifuniko cha chupa, nikaweka chumvi ya mezani na matone ya maji hadi ikawa kama uji mzito, nikakifungia kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa pamoja na kipimo chake na kingine cha dijitali, nikauacha mfuko mpaka kesho yake. Chumvi iliyolowa namna hiyo hutuliza unyevu wa hewa iliyofungiwa kwenye asilimia 75 hivi; mtu yeyote anaweza kulifanya jaribio hili nyumbani. Cha dijitali kilisoma 74. Cha muuzaji kilibaki pale pale. Nilipokigonga kwa kucha, mshale uliruka hadi 40 na ukaganda huko.

Ndani ya tangi lenyewe, taa ikiwaka, unyevu halisi ulikuwa 28. Wala si ajabu. Hewa ya chumba yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60, ukiipasha hadi nyuzi 32 bila kuiongezea maji, unyevu wake hushuka hadi karibu 30, kwa sababu hewa ya moto ina nafasi ya kubeba maji mengi zaidi. Kila taa unayowasha inakukaushia banda. Halafu juu kuna wavu mtupu, joto linapanda na kutokomea pamoja na mvuke wote. Hakuna kinachojiendesha hapo.

Nilipomwandikia, alinijibu kwamba kobe ni mnyama wa jangwani, unyevu wa nini? Jibu hili mtalisikia kwa wengi, na wengine wanalitoa kwa nia njema kabisa. Kobe wa sulcata, mojawapo ya aina zinazofugwa, kweli anatoka Saheli, pembezoni mwa Sahara, lakini sehemu kubwa ya maisha yake hupita shimoni, ambako hewa ina unyevu kuliko ya juu na joto halipandi na kushuka ovyo. Kitoto chake kikikulia kwenye hewa kavu, kila kigae cha gamba huinuka na kuwa kilima. Watu walizoea kuisingizia protini ya kwenye chakula, hadi utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu sulcata ulipoonyesha kwamba ukavu wa hewa una mchango mkubwa zaidi. Na vilima hivyo vikishaota havirudi chini, hata ukirekebisha banda kesho.

Jiwe la umeme ndilo lililonikasirisha kuliko vyote. Upande mmoja lilifika nyuzi 48, upande wa pili 31. Kobe ameumbwa kuota joto la jua linalotoka juu. Likitoka chini anaweza kulilalia tu huku gamba la tumbo likiungua. Hicho "kidhibiti joto" cha kwenye tangazo ni swichi ya kuwasha na kuzima iliyopachikwa kwenye waya. Thamostati, yaani kifaa kinachopima joto na kuzima au kuwasha umeme chenyewe, haipo kabisa.

Ile taa nyekundu imeandikwa UVB (miale isiyoonekana, kama ile iliyomo kwenye jua) kwenye boksi. Ni uongo: ile ni balbu ya joto iliyopakwa rangi. Bila UVB (na bila jua) mwili wa kobe hautengenezi vitamini D3, kalsiamu haitumiki, mifupa na gamba vinalainika. Tena hata ukiwa na taa nzuri ya UVB, usiimulike kupitia kioo, kwani kioo cha kawaida huzuia miale hiyo.

Anauza pia mashine ya ukungu kama nyongeza. Ukiilalamikia seti kwamba inakausha, ndiyo anayokusukumia. Kuweni waangalifu. Unyevu wenye joto ni salama kwa kitoto cha sulcata, ila unyevu wenye baridi unaleta ugonjwa wa mapafu, na tangi hili usiku linapoa haraka. Ukiona makamasi puani au kobe anapumua kwa mdomo, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia, usingoje.

Kwa aliyekwisha kununua: toa jiwe leo. Tandika vumbi la makumbi kwa kina, mimina maji ya uvuguvugu pembeni ili chini kulowe na juu kubaki pakavu kiasi. Ziba sehemu kubwa ya wavu, mbali na taa ya moto. Joto la usiku litoke kwenye kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga, kwenye soketi ya kauri maana ya plastiki huyeyuka, na kiunganishwe na thamostati ambayo kihisi chake kiko usawa wa mgongo wa kobe. Kitoto cha sulcata kinataka nyuzi 27 au zaidi usiku na mchana, sehemu ya kuotea joto ifike 35 hivi, na unyevu wa asilimia 80. Kobe wa Hermann, aina nyingine inayofugwa, usiku anahitaji kupoa kuliko hapo. Sasa hiyo seti moja ya "aina zote" inawahudumiaje wote wawili?

Huyu bwana hupenda kukutoa nje ya mfumo wa malipo wa jukwaa, "tumalizane huku inboksi". Usikubali, huko hurudishiwi hela. Rekodi video unapofungua boksi, na ukiripoti chagua "bidhaa hailingani na maelezo", ukiambatisha picha ya kipimo chake kando ya cha dijitali ndani ya mfuko wa chumvi. Akibadilisha jina tena, weka jina jipya la duka hapa chini.