Miezi saba na vipira vya meno: someni namba ndogo kwenye pakiti

Nimevaa nyaya za meno, au brasi kama wengi tunavyoziita hapa Moshi, tangu mwaka jana, na kwa miezi saba sasa ninavaa pamoja nazo vile vipira vidogo vinavyovuta taya la juu na la chini hadi meno yaumane sawasawa. Tathmini hii inahusu vipira hivyo tu, hasa nguvu zake, kwa kuwa hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo lilinifanya nile mtori wiki nzima, asubuhi na jioni.

Pakiti moja ina vipira 100. Mbele kuna picha kubwa ya mnyama, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huzipa aina zao majina ya wanyama ili mgonjwa asichanganye, na chini yake, kwa maandishi ambayo mimi huyasomea dirishani, kuna namba mbili. Ya kwanza ni kipenyo cha kipira kabla hakijavutwa na ya pili ni nguvu yake kwa aunsi. Vyangu vya mwanzo vilikuwa vya robo inchi, aunsi 3.5, yaani karibu gramu 100. Kila upande nilikivisha kimoja kwenye kulabu ya jino la chonge la juu, nikakivuta nyuma hadi kwenye gego la chini. Siku ya kwanza nilihangaika mbele ya kioo karibu robo saa. Sasa navivaa hata nikiwa ndani ya daladala.

Mwezi wa tatu pakiti iliisha siku tisa kabla ya miadi. Nilikuwa Arusha kwa kipaimara cha mtoto wa dada yangu, nikaingia katika duka moja la vifaa vya meno nikaomba vipira vya robo inchi. Muuzaji hakuniuliza zaidi, nami sikuwa na la kuongeza, kwa kuwa niliamini kwamba saizi ndiyo nguvu. Alinipa robo inchi kweli, lakini ya aunsi 6, ambazo ni kama gramu 170. Usiku wa pili meno yaliuma hadi sikioni, na kufikia siku ya nne jino la chonge la kulia lilikuwa likicheza nikiligusa kwa ulimi. Bado nilijipa moyo kwamba maumivu ni dalili ya kazi kufanyika.

Daktari wangu alipoiona pakiti alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, jino si msumari. Mfupa unatakiwa ulike upande mmoja na ujijenge upande wa pili, na hilo lina mwendo wake." Alinieleza kwamba nguvu ikizidi, mishipa midogo ya damu kuzunguka mzizi hubanwa, jino linakwama badala ya kusogea, na mzizi wenyewe unaweza kuanza kulika. Kwa sababu hiyohiyo alinikataza kuvaa viwili viwili ili kufidia siku nilizosahau, jambo ambalo, nakiri, nilikuwa nimelifanya mara mbili.

Kilichonifungua macho zaidi ni rula yake. Aunsi zilizoandikwa kwenye pakiti hupimwa kipira kikiwa kimevutwa hadi mara tatu ya kipenyo chake. Kipira cha robo inchi kinatoa nguvu hiyo kikifika milimita 19 hivi, ilhali cha inchi 3/16 kinaifikia kwenye milimita 14 tu. Kinywani mwangu, kulabu hadi kulabu, ni milimita 22 nikiwa nimefunga mdomo. Kwa hiyo kipira kidogo chenye aunsi zilezile kingenivuta kwa nguvu zaidi kuliko kikubwa, na nikipiga miayo ndiyo kabisa. Mimi nilikuwa nikidhani kwamba kikubwa ndicho chenye nguvu, na nina hakika siko peke yangu.

Kuhusu ubora, sina malalamiko makubwa. Vipira vya utomvu wa mpira hupoteza sehemu ya mvuto wake katika saa chache za mwanzo mdomoni, ndiyo maana nimeagizwa kubadilisha asubuhi na jioni na kuvaa saa 22 kwa siku, nikivitoa wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Kimoja kilikatika nikiwa nafundisha Darasa la Sita, kikaruka hadi dawati la mbele, na kipindi kikaishia hapo kwa vicheko. Mwenzangu ambaye utomvu wa mpira humletea mzio hutumia vile visivyo na utomvu huo. Navyo hulegea mapema zaidi, hivyo hubadilisha mara nyingi kuliko mimi.

Ninavipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya pakiti, ambayo imempa mnyama nafasi yote na kuzificha namba mbili ambazo mgonjwa anazihitaji dukani. Siku hizi natunza pakiti tupu kwenye pochi, na nikienda kununua naiweka mezani kabla sijasema neno. Upande wa kulia umeshafunga. Wa kushoto umebakiza kama milimita moja, na daktari amenirudisha kwenye aunsi 3.5.