Everglades: jua kwanza unaingilia lango gani

Tuliandika jina la hifadhi kwenye simu, tukafuata ramani. Kosa. Mpango wetu ulikuwa kufika Flamingo, kusini kabisa mwa Florida, lakini simu ikatufikisha Shark Valley, kilomita kama 50 magharibi ya Miami. Mhudumu langoni akatutazama kwa huruma ya mtu aliyekwisha kuzoea. Kumbe Hifadhi ya Taifa ya Everglades ina malango makuu matatu, na ndani hakuna barabara inayoyaunganisha. Kwenda lango la Homestead ilibidi tutoke tuzunguke kwa nje, kama saa nzima. La Everglades City, upande wa magharibi, ndilo usiseme.

Basi tukabaki hapohapo. Shark Valley ina barabara ya lami ya mzunguko wa kilomita 24, na gari lako haliruhusiwi: unatembea, unapanda kigari cha watalii cha saa mbili, au unakodi baiskeli. Tulichukua baiskeli. Aligeta, jamaa wa mamba wenye pua pana, wamejilaza kando ya lami kama magogo, mwanangu akahesabu mpaka akachoka. Kivuli hakuna, kwa hiyo beba maji ya kutosha. Ukishafika kwenye mnara ulio katikati ya safari, njia ya mkato ya kurudi haipo. Ila panda huo mnara. Nilidhani Everglades ni dimbwi lililotuama. Kule juu ndipo nilipoelewa kuwa ni mto mpana uliofunikwa na majani, maji yanajivuta kuelekea kusini taratibu mno hata jicho halioni.

Kesho yake tukaenda Homestead. Risiti ya jana ilitosha, maana dola 35 za gari ni za siku 7 kwa malango yote (lipa kwa kadi, pesa taslimu hawapokei). Mnaotoka nje ya Marekani, tangu 2026 kuna nyongeza ya dola 100 kwa kila mtu wa miaka 16 na zaidi, kwa hiyo pigeni hesabu mapema.

Pale Royal Palm, kituo kilicho ndani ya lango hilo, nilicheka kuona magari yamefunikwa maturubai. Ni kwa ajili ya tumbusi! Wanapenda kung'oa mipira ya madirisha na waipa. Maturubai yanaazimwa bure. Funika gari kabla hujaenda Anhinga Trail. Njia yenyewe ni fupi, haifiki hata kilomita moja na nusu, lakini kwangu ndiyo iliyolipa safari nzima. Ndege mwenye shingo kama nyoka alizamia mbele yetu, akaibuka na samaki, kisha akaanika mabawa mtini kama nguo.

Kutoka lango hilo hadi Flamingo ni kilomita 61, na mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Jaza mafuta mjini Homestead. Flamingo tuliona mamba halisi, yule mwenye pua nyembamba. Nje ya kusini mwa Florida, hakuna kwingine duniani anakoishi porini pamoja na aligeta.

Nendeni kati ya Desemba na Aprili, maji yakiwa yamepungua na wanyama wamekusanyika yalikobaki. Sisi tulikwenda Februari. Shemeji yangu alikwenda Agosti kwa sababu hoteli zilikuwa rahisi. Flamingo yote aliiona kupitia kioo cha gari. Mbu hawakumpa nafasi ya kufungua mlango.