Kubadilisha springi na sili za vavu bila kufungua silinda hedi: uzoefu wangu na Corolla 110

Gari langu ni Corolla 110, injini 5A ya CC 1,498, vavu 16 (vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye silinda). Nakaa Iringa, na ugonjwa wenyewe niliuona kwenye mteremko mkali wa mlima Kitonga. Nilikuwa nashuka kwa gia ya pili, mguu nimeutoa kwenye mafuta. Nilipofika chini, karibu na Ruaha Mbuyuni, nikakanyaga, na kwenye kioo nikaona moshi wa bluu umelifunika lori lililokuwa nyuma yangu. Haukupita muda ukaisha. Asubuhi nayo, likiwashwa tu linatoa moshi kidogo kisha linatulia. Oili ilikuwa inapungua lita nzima kila kilomita 900 hivi, na mwishoni likaanza kumisi (kukosa mapigo) likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta.

Gereji ya kwanza fundi alisikiliza, akanusa ekzosi, akasema ringi za pistoni zimekwisha: tufungue hedi (kichwa cha injini chenye vavu), tufanye oveholi, laki nane na nusu bila vipuri. Hakupima kitu. Nilienda nyumbani nikaanza kutafuta pesa, na nashukuru zilichelewa kupatikana.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani. Kwanza alitoa plagi zote akapima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, silinda zote nne zikacheza kati ya 170 na 180 psi. Halafu akafunga kwenye tundu la plagi kipande chenye nyuzi za plagi upande mmoja na mpira wa kompresa upande wa pili, pistoni ikiwa juu kabisa, vavu zimefunga. Akafungulia hewa, akaniambia, "Kaka, weka sikio mwenyewe." Nikasikiliza kwenye bomba la ekzosi: kimya. Kwenye njia ya kuvuta hewa: kimya. Kwenye mdomo wa kujazia oili kulikuwa na mlio hafifu, ambao alisema kila injini iliyotembea unao. Ringi zingekuwa zimekufa, hewa ingetoka hapo kwa nguvu. Vavu ingekuwa imeungua, ingesikika kwenye ekzosi. Akasema zilizochoka ni sili za vavu, vile vimpira vinavyozuia oili kwenye shina la vavu: ukishuka mlima bila kukanyaga, silinda zinanyonya sana, oili inapita kwenye shina la vavu, na ukikanyaga ndipo inaungua.

Kuhusu kumisi hakutaka kusema kitu mpaka afungue taped kava, kile kifuniko cha juu ya hedi. Alipotoa kamshafti (shafti zinazosukuma vavu) na tapeti (vikombe vilivyo kati ya kamshafti na vavu), akagusa springi za ekzosi moja moja, na moja ya silinda ya tatu ikacheza. Ilikuwa imekatika mzunguko mmoja kutoka chini, na kwa juu inaonekana nzima kabisa. Nilimuuliza mbona kompresheni ilikuwa nzuri. Akanieleza kwamba wakati wa kupima resi huwa imekanyagwa hadi mwisho, lakini kwenye sailensa resi imefungwa, pistoni ikishuka inanyonya kwa nguvu, na vavu ya ekzosi yenye springi dhaifu inavutwa ikafunguka kidogo. Maelezo hayo peke yake ningeyalipia.

Kazi yenyewe niliiangalia tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye 5A kamshafti moja inaendeshwa na belti na nyingine inazungushwa na gia iliyogawanyika mara mbili yenye springi ndani. Kabla ya kuitoa alifunga bolti ndogo ya milimita 6 kuzibana gia hizo pamoja. Asiyejua hilo ataipinda kamshafti au avunje vishikio vyake. Tapeti na shimu (visahani vya kurekebisha nafasi ya vavu) alizipanga kwenye trei ya mayai, kila moja na namba yake. Kamshafti zikishatoka vavu zote zimefunga, kwa hiyo krenki, shafti inayopandisha pistoni, inazungushwa kwa spana tu: silinda 1 na 4 zinafika juu pamoja, nusu mzunguko, 2 na 3.

Hewa ya kompresa, kupitia tundu la plagi, inaishikilia vavu juu isishuke wakati springi inabanwa. Kabla ya kubana, aliigonga sahani ya juu ya springi kwa soketi na nyundo ndogo ili vile vipande viwili vidogo vinavyoshika shina viachie. Kisha akabana kwa mtaimbo alioutengeneza mwenyewe, akavinyanyua kwa sumaku. Springi, nje. Sili ya zamani ilitoka kwa koleo, ngumu kama plastiki. Nilipoibana kwa vidole ikapasuka. Mpya ni laini kama ufizi. Wakati wa kurudisha alivigandisha vile vipande kwenye shina kwa grisi.

Tukiwa silinda ya pili umeme ukakatika, na tangi la kompresa likaanza kuisha. Nilidhani kazi imelala. Fundi akatoa kamba laini ya nailoni, akashusha pistoni kidogo, akaisokota kamba kupitia tundu la plagi, akabakiza ncha nje, akazungusha krenki kwa mkono mpaka kamba ikabanwa dhidi ya vavu. Silinda zilizobaki alizimaliza kwa kamba. Binafsi naona kamba ni salama zaidi, maana hewa ikiipata pistoni imepita kidogo tu ile sehemu ya juu, inaisukuma chini kwa ghafla, na vavu isiyo na springi inaweza kuifuata.

Lawama yangu ni moja. Matundu ya kurudishia oili alikuwa ameyaziba kwa vitambaa, akasahau moja upande wa gia, na kimoja cha vile vipande vidogo vinavyoshika shina kikadondokea humo. Tulikitafuta kwa sumaku yenye shingo ndefu kwa dakika arobaini. Kingefika chini, tungefungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Ukimpa mtu kazi hii, hesabu naye matundu kabla hajagusa springi ya kwanza.

Gharama: ufundi 180,000, springi 16 kwa 9,000 kila moja, sili 16 kwa 3,000, belti mpya ya taimingi 65,000 kwa kuwa ilishatolewa, gasketi ya taped kava 20,000. Jumla 457,000, siku mbili. Springi angeweza kubadilisha ile moja, lakini tulipozisimamisha za zamani kando ya mpya, karibu zote za ekzosi zilikuwa fupi, nikasema tuweke zote.

Kama hewa ingesikika kwenye ekzosi, au maji yangekuwa yanachanganyika na oili, njia hii isingenisaidia, hedi ingebidi ishuke.

Nimetembea kilomita 3,200 sasa. Oili kwenye dipstiki imeshuka upana wa kucha. Sailensa imetulia, na asubuhi hakuna moshi. Kwenye kilomita 1,000 nilirudi kama alivyoniagiza, akapima nafasi za vavu kwa filageji (vibati vyembamba vya kupimia). Upande wa kuvuta hewa zinatakiwa kati ya milimita 0.15 na 0.25, moja ilikuwa 0.12, akabadilisha shimu na hakunidai chochote. Wiki iliyopita nilishuka Kitonga tena, nikakanyaga palepale Ruaha Mbuyuni huku macho yapo kwenye kioo. Basi lililokuwa nyuma yangu nililiona lote, mpaka namba.