Ray Lomas na pikipiki yake: uzoefu wangu na albamu ya Jethro Tull ya 1976

Albamu ya Jethro Tull, bendi ya roki ya Uingereza, iitwayo Too Old to Rock 'n' Roll: Too Young to Die! nimeisikiliza kwanza kwenye simu, baadaye kwenye santuri yenye kasha lake, na ninamshauri msomaji aanze na santuri. Kisa chake kinamhusu Ray Lomas, mwanaroki aliyepitwa na wakati, ambaye anashinda fedha katika shindano la maswali la televisheni, anapata ajali ya pikipiki, na anapozinduka anakuta mavazi yake ya kizamani yamerudi kuwa fasheni. Kisa hicho kimesimuliwa kwa ukamilifu katika katuni iliyochapwa ndani ya kasha. Nyimbo zenyewe, ambazo awali zilikusudiwa kwa mchezo wa jukwaani, zinaruka mengi, na asiyeiona katuni atapata taabu kujua baadhi yake zinamhusu Ray vipi.

Hiyo ndiyo dosari kubwa ya albamu. Taxi Grab na Big Dipper ni roki ya kawaida tu. Utamu uko pale bendi inapotulia: katika Salamander magitaa makavu yanafukuzana kwa kasi kabla filimbi ya Ian Anderson, mwimbaji na kiongozi wa bendi, haijaingia, na katika From a Dead Beat to an Old Greaser saksafoni ya David Palmer inaomboleza taratibu huku mzee akikumbuka enzi za Charlie Parker, mpiga saksafoni wa jazi. Nimeurudia wimbo huo kuliko mwingine wowote.

Wimbo uliobeba jina la albamu unaanza polepole kwa vyombo vya nyuzi, ukimwonyesha Ray akiwa peke yake baada ya wenzake kuoa, kupata watoto na kuhamia kwenye vilabu vya tenisi. Kisha ghafla mwendo unapanda, naye anaondoka na pikipiki kwenye A1, barabara kuu ya Uingereza. Maddy Prior, mwimbaji wa bendi ya Steeleye Span, anaitikia humo, na besi ya John Glascock, aliyekuwa mgeni katika bendi, inausukuma wimbo vizuri sana. Inachekesha kidogo kwamba Anderson aliyaandika haya ya uzee akiwa bado hajafikisha miaka 30.

Toleo la 2015 linaongeza rekodi zilizofanywa kwa ajili ya kipindi cha televisheni. Kwa msikilizaji asiye mkusanyaji, santuri ya awali inatosha, mradi kasha lake liwe zima na katuni isomeke.