Miezi minane na seti ya kutengenezea mvinyo: uzoefu wangu na machungwa ya Muheza

Mwezi wa Saba mwaka jana niliagiza kutoka Dar es Salaam seti ya kutengenezea mvinyo nyumbani. Boksi lilikuwa na vitu vitano: pakiti mbili za chachu ya mvinyo, haidromita (kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo), kizibo cha plastiki kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, kichupa cha kimeng'enya cha pektini (cha kuondoa ukungu wa tunda) na mpira mwembamba wa kuhamishia. Chachu na kizibo vimefanya kazi kubwa. Kimeng'enya kimesaidia kiasi. Mpira ungeupata duka lolote la vifaa vya ujenzi. Haidromita ilifika imevunjika shingo na muuzaji hakunirudishia hata senti, nikalazimika kununua nyingine kwingine. Anayeagiza afungue boksi mbele ya aliyelileta, kabla hajatia saini.

Mimi naishi Tanga mjini, na machungwa huku si kitu cha kutafuta. Msimu ukifika, barabara ya Segera kupita Muheza inajaa matenga pande zote mbili, na chungwa linashuka bei mpaka mkulima anaona bora liozee shambani. Hilo ndilo lililonisukuma. Nimeona Dodoma wanavyoishi na zabibu zao, nimeona akina mama wanavyouza mvinyo wa choya kwenye maonyesho, nikajiuliza kwa nini chungwa letu liishie kwenye juisi ya siku moja.

Kabla ya seti nilikuwa nimeshashindwa mara mbili, na ni vizuri niseme nilishindwaje, maana hakuna seti itakayokuokoa ukifanya nilivyofanya. Mara ya kwanza nilisaga machungwa kwenye blenda na ule weupe wake wa ndani na mbegu zake, nikatia hamira ya mkate. Kilichotoka kilikuwa kichungu kama mwarobaini. Mara ya pili nikaona nikwepe kazi ya kukamua, nikanunua juisi ya boksi. Siku sita hakuna hata povu moja. Nilipogeuza boksi nikakuta imeandikwa sodiamu benzoeti. Dawa hiyo imewekwa humo makusudi ili chachu isiote, kwa hiyo nilikuwa napanda mbegu kwenye chumvi.

Sasa kuhusu uchungu, kwa sababu kwenye machungwa hapa ndipo penye kazi yote. Ule weupe na mbegu zina kitu kinaitwa limonini. Ujanja wake ni kwamba juisi ikiwa mbichi huusikii uchungu. Unajitengeneza baadaye, juisi inapokaa na asidi yake. Ndiyo maana unaweza kuonja leo ukafurahi na kesho ukatema. Ganda la nje nalo lina mafuta yanayonukia vizuri, lakini yakizidi yanaisumbua chachu. Kwa hiyo sikutumia blenda tena. Nilikata kila chungwa katikati, nikakamua kwa kikamulio cha mkono bila kukandamiza mpaka mwisho, nikachuja mara mbili kwa kitambaa cha chachi. Machungwa kama 120 yalinipa lita 10. Kwa harufu nilikwangua ganda la nje la machungwa manne tu, ile rangi ya juu, nikaishia pale weupe ulipoanza. Kazi hiyo ilinichukua asubuhi nzima pamoja na binti yangu. Usiifanye kwa haraka.

Usidanganywe na rangi, jamani. Chungwa la kwetu linaiva likiwa bado kijani, kwa sababu usiku wetu hauna baridi ya kuligeuza. Mimi naonja. Lililokaa vizuri mtini lina sukari zaidi, na sukari ndiyo kileo cha kesho.

Juisi yangu ilisoma 1.040 kwenye haidromita (maji matupu husoma 1.000, na sukari hupandisha namba). Ukiiacha hivyo utapata kitu cha kileo cha asilimia tano hivi, chembamba, ambacho hakitakaa. Niliongeza sukari nyeupe kilo 1 na gramu 350, nikaikoroga mpaka ikayeyuka yote, ikasoma 1.085. Hesabu ninayoifuata ni kwamba kila gramu 17 za sukari kwenye lita moja zinatoa karibu asilimia moja ya kileo. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na seti ilisema utie sukari kilo tatu kwa lita kumi bila kupima chochote. Ningeifuata ningepata mvinyo mzito kama sharubati. Karatasi yenyewe iliandikwa kwa ajili ya zabibu na kwa nchi ya baridi. Inazungumzia chumba cha nyuzi 18. Tanga nyuzi 18 nitaitoa wapi?

Hapa ndipo chachu ilipostahili bei yake. Iliyokuwemo ni Lalvin K1-V1116, pakiti ya gramu 5, inayotosha mpaka lita 23. Inavumilia joto kuanzia nyuzi 10 hadi 35, na kileo mpaka asilimia 18. Kwa mtu wa pwani namba ya 35 ndiyo ya kutazama kwanza, kabla ya bei na kabla ya picha. Niliilowesha kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 40 kwa dakika 15, kisha nikaimimina kwenye ndoo. Usiku uleule povu likaanza. Ndoo niliiweka ndani ya karai la maji chini ya meza na kuifunika kanga iliyolowa, nikawa nailowesha tena asubuhi na jioni. Joto la ndani halikupita nyuzi 27 hata siku moja.

Siku ya nne nyumba ikanuka yai viza. Nilishtuka, nikataka kumwaga. Baadaye nikaelewa kuwa huenda juisi yangu haikuwa na naitrojeni ya kutosha, na chachu yenye njaa inatoa harufu hiyo. Nilichemsha kijiko kimoja cha hamira ya mkate kwa dakika kumi ili ife, nikaipoza, nikaitia ndoo iwe chakula, na nikakoroga vizuri. Siku ya pili yake harufu ikapungua, ya tatu ikaisha kabisa. Seti inayouzwa bila chakula cha chachu, kwa machungwa, ina upungufu mkubwa. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu wengi wanamwaga mvinyo mzuri siku hiyo ya nne.

Baada ya siku tisa nilihamisha kwa mpira kwenda kwenye dumu safi, nikaacha mashapo chini, nikafunga kile kizibo chenye maji. Kizibo hiki ni kitu kidogo ila nakipenda. Kinakuonyesha kazi ikiendelea, na kinazuia wadudu na hewa ambavyo vingekupa siki. Kila chombo nilikisafisha kwa maji yaliyochemka. Ndoo yenye mikwaruzo sikuitumia kabisa, kwani uchafu unajificha humo.

Wiki ya tano dumu lilinyamaza. Haidromita ilisoma 0.996, maana yake sukari imeisha na kileo kimefika kama asilimia 11 na nusu. Karatasi ilisema mvinyo uko tayari kwa wiki nne. Nilionja. Ulikuwa mkali, asidi imesimama peke yake, na nyuma yake ladha ya ganda. Sukari ikiondoka kwenye chungwa kinachobaki ni uchachu wake mtupu, na zabibu haziko hivyo.

Nilimpelekea mjomba wangu wa Pangani chupa moja. Amegema mnazi zaidi ya miaka thelathini, na kwa mambo ya kuchacha namwamini kuliko karatasi yoyote.

"Shikamoo mjomba, nimekuletea kitu uonje."

"Marahaba, mpwa wangu." Akanusa muda mrefu kabla ya kunywa. "Mnazi hausubiri mtu. Ukiteremka asubuhi, jioni umeshakuwa tembo, kesho kutwa siki. Hiki chako ni kinyume. Hiki hakijalala. Kalaze."

Nikalaza. Nilihamisha tena ulipotimiza miezi mitatu, nikaacha dumu limejaa mpaka shingoni ili hewa isikae juu. Ulipotimiza miezi mitano ile ladha ya ganda ilikuwa imelegea, na ulipofika miezi saba mvinyo ulikuwa na rangi ya asali nyepesi, umekuwa mwangavu, unanukia ua la mchungwa. Hapo ndipo kimeng'enya kilipoonekana: dumu dogo nililolifanya bila kimeng'enya bado lina ukungu, ingawa ladha sikuona tofauti. Kama pesa ni chache, hicho kiache.

Jambo moja liliniumiza. Wiki ya tatu, kwa tamaa ya kuona chupa zimepangwa, nilijaza lita mbili kwenye chupa za soda za kioo nikazifunga, na kazi bado inaendelea ndani. Chupa moja ilipasuka usiku kabatini. Hakuna aliyeumia, lakini vipande vilifika mlangoni. Tangu siku hiyo sifungi chupa mpaka haidromita isome namba ileile kwa wiki mbili mfululizo. Kwa sababu hiyohiyo siongezi sukari kwenye chupa. Anayetaka utamu anakoroga asali kidogo kwenye glasi yake.

Nimejaribu pia ndugu wengine wa chungwa. Chenza limenifurahisha kuliko chungwa lenyewe: asidi ndogo, harufu nyingi, likawa tayari mapema. Balungi lina uchungu wake ambao haukuisha. Ndimu tupu usijaribu, asidi yake inaizima chachu; unaweza kuitia kijiko kimoja kimoja kuchangamsha mvinyo wa tunda lililopooza kama papai.

Wapo walioniuliza kama kuna hatari ya kupofuka. Mvinyo uliochacha tu kwa matunda safi hauna methanoli, ile sumu inayopofusha, ya kiasi hicho. Hatari ya namna hiyo iko kwenye pombe iliyotoneshwa (iliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, kama gongo) na iliyochanganywa vitu vingine, na mimi simshauri mtu yeyote kuweka mvinyo wake jikoni autoneshe. Pia ninachotengeneza ni cha nyumbani na wageni wangu. Anayetaka kuuza aanze na leseni na viwango vya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), maana huko ni shughuli nyingine kabisa.

Seti nzima sitainunua tena. Nitanunua chachu ileile, vizibo viwili na haidromita, niongeze chakula cha chachu, vingine ninavyo. Kwa anayeanza bila kitu chochote naipa nyota tatu kati ya tano, na nyota mbili nilizozizuia ni za karatasi ya maelekezo na ile haidromita iliyofika imevunjika. Mjomba amebakiza chupa ya pili niliyompelekea baadaye. Anasema anaisubiri itimize mwaka, mwezi wa Saba, machungwa mapya yakianza kushuka kutoka Muheza.