Gari dogo la rimoti juu ya mawe ya volkano: uzoefu wangu wa miezi saba

Kabla ya kutoa pesa niliomba kitu kimoja tu pale dukani: niligeuze gari tumbo juu. Nikazungusha gurudumu moja la nyuma kwa kidole huku nikitazama lile la upande wa pili. Likazunguka pamoja nalo, upande uleule, bila kuchelewa. Nikalipa dola 110, hapa hapa Birere, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, nikaenda nalo nyumbani. Ningelijua jaribio hilo mwaka uliotangulia, nisingenunua lile la kwanza.

La kwanza lilikuwa gari la mbio, kipimo cha 1/18 (yaani dogo mara 18 kuliko gari halisi), nililomnunulia mpwa wangu mwenye miaka 12. Magurudumu yote manne yanavuta, shafti moja inapita katikati, difu (giya zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia) moja mbele na nyingine nyuma. Kwenye kiwanja cha shule lilikuwa linapaa. Lakini sisi tunakaa si mbali na uwanja wa ndege, upande ambao lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita Januari 2002, na kwetu ardhi ni mawe meusi: hapa pana kichwa, hapa pana shimo, hapa pana ufa. Gari likawa linakwama kila mita mbili. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakiinuka hewani, hayo ndiyo yanayozunguka kama feni, na yale yaliyokanyaga jiwe yanasimama kimya. Moteri inalia, gari haliendi.

Dereva yeyote aliyewahi kuzama kwenye tope la njia ya Masisi anaijua hali hiyo. Mimi nimeendesha Land Cruiser za mizigo kutoka Sake kwenda juu kwa miaka 14, nimeiona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Difu imetengenezwa kwa ajili ya kona: gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, basi kila moja linaachiwa mwendo wake. Kwenye lami ni neema. Tatizo ni kwamba difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kushoto na kulia, na nguvu hiyo haiwezi kuzidi kile ambacho gurudumu lenye mshiko mdogo linaweza kushika. Lililo hewani halishiki kitu, kwa hiyo na mwenzake hapati kitu. Hata kuweka krabo (mvuto wa magurudumu yote manne) hakumalizi shida, maana krabo inaunganisha mbele na nyuma. Kushoto na kulia bado difu ndiyo inayoamua. Ndiyo maana magari ya kazi ngumu huwekewa kifungo cha kufunga difu yenyewe.

Nilijaribu kuifunga difu ya lile gari dogo kwa kuijaza grisi nzito. Ilisaidia siku mbili, kisha ikalegea.

Sasa hili la pili. Nalo ni 1/18, urefu sentimita 25, na mzani wa mama muuza sambaza, wale samaki wadogo, ulisema gramu 650. Jina lililoandikwa kwenye katoni silitaji, kwa sababu magari ya namna hii kutoka China huuzwa kwa majina tofauti tofauti. Ukifuata jina utapotea, fuata muundo. Muundo wake ni ule wa magari madogo ya kupanda mawe kama SCX24 ya Axial, iliyotoka 2019 kwa kipimo cha 1/24, au TRX-4M ya Traxxas ya 2022: ekseli mbili ngumu zisizo na difu ndani, giyaboksi katikati, na shafti mbili, moja kwenda mbele na moja nyuma. Kushoto na kulia vimefungwa pamoja moja kwa moja.

Wiki ya kwanza nililifungua lote mezani na mpwa wangu tukahesabu meno ya kila giya. Ile ndogo ya moteri ina meno 10, inayoshikana nayo ina 50: hapo moteri inazunguka mara 5 ili giya kubwa izunguke mara 1. Ndani ya giyaboksi kuna 14 kwa 42, yaani mara 3. Kwenye ekseli, pinioni (giya ndogo) ina 8 na krauni (giya kubwa) ina 24, mara 3 tena. Zidisha: 45. Moteri inazunguka mara 45 ndipo gurudumu limalize mzunguko mmoja. Kijana akaandika hesabu hiyo kwenye daftari, akaniuliza, “Mujomba, kwa hiyo mwendo unapotea?” Nikamwambia mwendo haupotei bure, unabadilishwa kuwa nguvu. Tulipolipeleka nje akaona mwenyewe: gari linatembea kama mtu mzima anayetoka sokoni na mzigo, lakini linaweka gurudumu la mbele juu ya jiwe lenye kimo kama chake, linatulia, linajivuta, la nyuma linafuata. Jirani yetu anayesukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, alisimama na gunia zake za makaa akatazama hadi likafika juu. Ukiachia kidole katikati ya mpando halirudi nyuma kwa kishindo. Giya hizo zinasaidia kulishikilia.

Hilo ndilo ninalolipenda, na ningelinunua tena kwa ajili ya hilo peke yake. Mengine yana mapungufu, na nayasema ili mtu asije akashtuka.

Kona ni pana mno. Ekseli zikiwa zimefungwa, gurudumu la ndani halina budi kuburutwa, na kwenye sakafu ya saruji unasikia matairi yakikwaruza. Jiwe likishika vizuri, mkazo wote unaingia kwenye shafti. Shafti za plastiki za gari hili zilipinda mwezi wa tatu. Muuzaji alikuwa ameniahidi vipuri; nilimrudia mara nne na sikupata hata skrubu moja. Iliniuma, maana bila vipuri gari la dola 110 linaweza kulala kabatini kwa sababu ya kipande cha dola 2.

Skrubu ndogo zisizo na kichwa zinazobana shafti kwenye giyaboksi zililegea siku ya pili. Zipake gundi ya skrubu pale tu chuma kinapokutana na chuma. Gundi hiyo ikigusa plastiki inaweza kuipasua. Na ukirudisha moteri mahali pake, weka ukanda wa karatasi ya daftari kati ya meno ya giya mbili, zibane pamoja, kaza moteri, kisha vuta karatasi itoke. Nafasi inayobaki inatosha: meno hayatasagana wala hayatarukana.

Adui mkubwa hapa Goma ni vumbi jeusi. Punje zake ni kali, na ekseli zilikuja na grisi nyingi hadi ikatoka pembeni. Baada ya mwezi mmoja nilifungua nikakuta uji wa kijivu, grisi na mchanga vimechanganyika, unasaga krauni taratibu kama msasa. Niliosha kwa mswaki, nikapaka grisi kidogo sana kwenye meno tu, nikaziba maungio ya ekseli kwa utepe mwembamba. Tangu hapo nafungua kila baada ya wiki tatu na kukuta safi.

Lilikuwa pia linapinduka kinyumenyume kwenye mipando mikali. Kwa fundi wa magurudumu niliomba vile vipande vya madini ya risasi vya kusawazisha rimu, nikavigandisha ndani ya rimu za mbele tu, gramu 20 kila upande. Uzito uko chini kabisa na uko mbele, na sasa pua haiinuki ovyo.

Betri ni ya volti 7.4 na inatupa dakika 35 hivi za kupanda. Ina seli mbili za lithiamu: zikijaa zinafika volti 8.4, na usiziache zishuke chini ya 6. Mpwa wangu sasa anasimama mwenyewe gari likianza kuchoka, sina haja ya kumkumbusha.

Shafti za chuma nimeziagiza kwa mtu anayevuka Petite Barrière, mpaka wa Rwanda, kila wiki. Zikifika tutalipeleka Buhene, kwenye lava ya Nyiragongo ya 2021, ambayo kingo zake bado ni kali kuliko hizi za kwetu.