Maksai au punda?

Kwa kulima, maksai. Udongo mweusi wa mbuga kule Shinyanga ukishika maji, punda wawili hawafiki mbali na plau. Maksai huinamisha vichwa na kwenda. Ila hutembea taratibu, na malisho yakikauka kiangazi hudhoofika, msimu wa kulima unawakuta mbavu nje.

Punda ni wa mkokoteni: maji, kuni, magunia ya mahindi. Huvumilia kiu na majani makavu, na njia huikariri upesi.

Shida ni matandiko. Nira, ule mti wa kuvalishwa shingoni, hukaa mbele ya nundu ya ng'ombe. Punda hana nundu; nguvu yake iko kifuani. Ukimvisha nira, ikifika jioni manyoya ya shingoni yamenyonyoka, nyama iko wazi, nzi wamejaa. Kidonda hicho kinaniuma kila nikikiona, maana kukizuia ni rahisi: mshipi mpana wa kifuani, wa turubai nene iliyokunjwa, ukae chini ya koo asibanwe pumzi. Kamba nyembamba usiguse, inakata.

Maksai akizeeka anauzwa mnadani kwa nyama. Punda utakuwa naye miaka mingi zaidi, ukimtunza.